Nyumba ya familia yenye paa na kuta za alumini pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu nyumba ya kuishi, ya chini au ya ghorofa moja, katika ukanda wa pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Penye hesabu tumetumia nyumba moja ya mfano: kuta za nje m 12 kwa m 10, paa la pande mbili. Utaona tunarudia onyo moja katika sura nyingi: alumini yenyewe ni ngumu kufa, kinachoiua ni jirani aliyewekwa kuigusa.

## Kuijua alumini yenyewe

1. Nitajuaje kama bati ninalouziwa ni alumini kweli?

Nenda dukani na sumaku, hata ile ya spika mbovu inatosha. Alumini haishikwi na sumaku. Bati likinasa, hilo ni chuma, hata kama limeandikwa "alu" kwa herufi kubwa.

Kisha pima uzito. Kipande bapa cha m 1 kwa m 1 chenye unene wa mm 0.7 kina uzito wa kilo 1.9 hivi kikiwa alumini. Chuma cha mm 0.5, ingawa ni chembamba zaidi, kitafika kilo 3.9. Unene upimwe kwa maikromita, tena uulize kama kipimo kilichoandikwa ni kabla ya rangi au baada yake. Na agiza kwa milimita, si kwa geji, kwa sababu geji ya chuma na geji ya alumini hazilingani.

2. Aluzinki si ndiyo alumini?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Aluzinki ni bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Kinachobeba nguvu ndani ni chuma, kwa hiyo likikwaruzwa hadi ndani au likikatwa vibaya, kutu itaanza. Ukiona AZ150 maana yake kuna gramu 150 za mpako kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ70 ina chini ya nusu ya hapo, na macho hayawezi kuona tofauti.

Mabati yanayouzwa kwa wingi kwetu leo, yawe ya migongo mipana, ya msauzi au ya mfano wa vigae, mengi ni chuma cha aina hii. Ni bidhaa nzuri mahali pake (tazama swali la 4). Ubaya ni kulipia alumini ukapelekewa aluzinki.

3. Wanasema alumini haishiki kutu. Ni kweli?

Haishiki kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe. Ndiyo sababu bati tupu la alumini hupoteza mng'aro, likawa la kijivu, kisha likakaa hivyo miaka mingi.

Ngozi hiyo ina maadui watatu. Wa kwanza ni chumvi inayokaa bila kuoshwa, ambayo hutoboa vishimo vidogo. Wa pili ni vitu vikali kama saruji mbichi, chokaa na asidi. Wa tatu, aliye mbaya kuliko wote, ni metali nyingine ikiigusa penye unyevu, hasa shaba. Muulize muuzaji aina ya aloi. Kwa mabati, zinazofaa pwani ni za kundi la 3000 (zenye manganizi) na la 5000 (zenye magnesi). Kwa fremu na reli ni 6063. Za kundi la 2000 zina shaba ndani, zisikaribie nyumba ya pwani.

4. Nyumba yangu iko mbali kidogo na bahari. Naihitaji kweli?

Pengine hapana. Ukiwa umbali ambao mawimbi yakivunjika unaona ukungu wa chumvi kwenye vioo vya dirisha, alumini inalipa gharama yake. Ukiwa kilomita kadhaa ndani, aluzinki ya AZ150 iliyopakwa rangi kiwandani itakutosha, na fedha iliyobaki iingie kwenye kenchi imara (fremu za mbao zinazobeba paa) na dari yenye kinga ya joto. Ukikaa katikati ya hali hizo mbili, soma karatasi ya dhamana ya bati la chuma kabla ya kuamua: nyingi hutaja umbali kutoka baharini ambao chini yake dhamana haipo.

5. Unene gani uchukue?

Paa: mm 0.7. Penye minazi au miembe juu ya nyumba, mm 0.9, kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma na nazi ikidondoka huacha bonde ambalo maji yatatuama. Hatuishauri mm 0.5 juu ya paa hata kama bei inavutia. Fundi akikanyaga katikati ya papi mbili (mbao za mlalo ambazo bati hufungwa juu yake), bati limekwisha.

Ukuta wenye migongo: mm 0.7. Paneli bapa za alumini tupu: mm 2 hadi 3. Paneli za tabaka, zile ambazo mafundi wengi huziita Alucobond hata zikiwa za kiwanda kingine, huwa mm 4, yaani ngozi mbili za mm 0.5 na kiini cha mm 3 katikati. Kabla ya kuzinunua soma swali la 15.

## Joto na kelele

6. Nyumba haitakuwa tanuri?

Itakuwa, kama utaweka bati na dari ya jipsamu peke yake. Watu hushangaa bati la alumini linalong'aa kuwa la moto mchana, wakati linarudisha mwanga mwingi wa jua. Sababu ni kwamba metali tupu hurudisha mwanga vizuri lakini haijui kutoa joto lililokwisha kuingia. Bati lililopakwa rangi nyeupe hufanya yote mawili: hurudisha sehemu kubwa ya jua, na kidogo linachomeza hukitoa tena kuelekea angani. Kwa hiyo chukua nyeupe, krimu au kijivu chepesi, na usiingiwe na tamaa ya kahawia iliyoiva au nyeusi, hata kama ramani ya mtandaoni imependeza nayo.

Chini ya bati kuna kazi tatu. Tandika karatasi ya foili juu ya kenchi kabla ya papi, ilegee kidogo, na upande wake unaong'aa uelekee kwenye uwazi wa hewa usiopungua mm 25. Foili iliyogusana na bati haizuii chochote, inageuka kuwa bati la pili. Weka sufi ya kioo ya mm 50 hadi 100 juu ya dari. Kisha acha hewa ipite: matundu chini ya mapaa yanayojitokeza, na njia ya kutokea kwenye kofia (bati la kufunika kilele cha paa) au kwenye pembe za ukuta wa kando. Yote yafunikwe wavu mwembamba, la sivyo popo watahamia kabla yako.

7. Kuvisha kuta zote alumini kunapunguza joto?

Si lazima kuvisha zote. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na Mombasa nyuzi 4, kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Anayebeba mzigo ni paa, kisha ukuta wa magharibi, kisha wa mashariki. Ukuta wa magharibi uliovishwa, ukiwa na uwazi wa hewa nyuma yake, hubadilisha kabisa chumba cha kulala saa moja usiku. Kuta za kaskazini na kusini zinahitaji zaidi paa lililojitokeza sentimita 90 kuliko kladingi, yaani vazi hilo la alumini.

8. Mvua ikinyesha tutasikizana?

Kwa bati tupu, hapana. Mvua ya masika juu ya mm 0.7 ni ngoma. Sufi ya kioo iliyotajwa kwenye swali la 6 huipunguza sana, na ikibanwa kidogo chini ya bati pamoja na ile ya darini, zaidi. Kelele nyingine ni ya "tak, tak" asubuhi na jioni: hiyo ni bati linalotanuka likiwa limebanwa, na tiba yake iko swali la 12.

## Ramani na hesabu ya paa

9. Mteremko uwe kiasi gani?

Kwa bati la mawimbi usishuke chini ya nyuzi 10. Sisi tunapenda 15: maji huondoka haraka, chumvi huoshwa, na paa halijawa refu kiasi cha kualika upepo. Ukitaka paa karibu bapa, hapo unaingia kwenye mabati ya kukunja kingo, ambayo hufika hadi nyuzi 3 au 5, lakini mafundi wake ni wachache. Mpate kwanza fundi, ndipo uchore ramani.

Kila kona ya paa ni mahali pa kuvujia. Paa la pande mbili halina vale (bonde ambapo miteremko miwili ya paa hukutana) hata moja. Ramani yenye vipembe saba inapendeza kwenye picha, lakini kila vale ni mfereji unaokusanya majani, mchanga na chumvi, na ndiko alumini hutoboka kwanza.

10. Niagize mabati mangapi, na skrubu ngapi?

Chukua nyumba yetu ya m 12 kwa m 10, mteremko nyuzi 15, paa limejitokeza m 0.9 upande wa gata na m 0.6 kwenye ncha.

Nusu ya upana ni m 5, ongeza 0.9, upate 5.9. Gawanya kwa 0.966, ambayo ni kosaini ya nyuzi 15: m 6.11. Ongeza sentimita 5 za kuning'inia ndani ya gata na kidogo cha kusahihisha, agiza mabati ya m 6.2, kipande kimoja bila kuunga. Urefu wa paa ni m 12 na 0.6 mara mbili, yaani m 13.2. Bati la mawimbi la kawaida hufunika m 0.762 baada ya kulaliana, kwa hiyo 13.2 ukigawa kwa 0.762 unapata 17.3. Hakuna robo bati: ni 18 kila upande, 36 kwa jumla. Kosa linalojirudia ni kugawa kwa upana mzima wa bati badala ya upana wa kufunika, na siku ya mwisho upande mmoja unabaki wazi.

Papi zikiwa kila sentimita 90 au pungufu, utakuwa na mistari 8 kila upande. Kwa mbao za futi 12, mstari mmoja unakula 4, jumla 64. Kofia za m 2.4 zikilaliana sentimita 15: 6. Skrubu 5 kwenye papi ya chini na 5 kwenye ya juu, 3 kwenye kila papi kati ya hizo 6 zilizobaki: 28 kwa bati, 1,008 kwa paa. Nunua 1,100. Muulize mwenye kiwanda nafasi ya papi kwa bati lake hasa. Akisema sentimita 75, fuata 75.

11. Paa jepesi hivi halitapeperushwa?

Hapa tunakuomba usome pole pole, maana ndipo nyumba nyingi za pwani hudanganyika. Paa la alumini la nyumba yetu, bila mbao, halifiki kilo 400. Kwa vigae vya zege lingekuwa tani kadhaa. Wepesi huo unaokoa mbao na misingi, lakini unageuza swali: kazi ya kenchi si kubeba paa tu, ni kulishikilia lisiondoke. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania upande wa Mafia, wengi walikumbuka kwamba vimbunga si vya Msumbiji peke yake.

Fuata mnyororo kutoka juu: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mbao ya ukutani, mbao kwenye linta, linta kwenye ukuta. Bati kwenye papi: skrubu, kamwe si misumari. Papi kwenye kenchi: msumari mmoja wa inchi 4 wima hung'oka kama jino bovu, kwa hiyo ongeza kipande cha bamba la chuma cha kukumbatia. Kenchi kwenye linta: nondo ya mm 8 au mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege siku ya kumwaga, ukatokeza juu na kukunjwa juu ya kenchi. Mkanda ukisahaulika siku ya zege hauwekiki tena vizuri, kwa hiyo hesabu mikanda kabla mchanganyiko haujafika. Pembeni mwa paa, kwa upana wa m 1 hivi kuzunguka, upepo hunyonya kwa nguvu zaidi. Hapo skrubu ziongezwe maradufu.

Anza kulaza mabati kutoka upande upepo unakoelekea, ili mdomo wa kila mlalio uupe mgongo upepo wa mvua. Masika huja kusi ikianza, kwa hiyo kwenye kiwanja kisicho na kinga anza upande wa kaskazini-magharibi.

12. Skrubu gani, na zifungwe vipi?

Chuma cha pua. Karibu na bahari chagua daraja la 316, si 304. Skrubu ya kawaida iliyopakwa zinki huishiwa na zinki yake ndani ya miaka michache, kisha kichwa kinalia machozi mekundu juu ya bati zuri. Watu huuliza kama chuma cha pua nacho si metali ngeni. Ni kweli, lakini skrubu ni ndogo na bati ni kubwa, hivyo madhara yanatawanyika. Kinyume chake, kipande kidogo cha alumini juu ya sahani kubwa ya chuma cha pua, kitaliwa. Washa ya mpira, kile kisahani cheusi chini ya kichwa, iwe ya EPDM.

Alumini hutanuka mara mbili ya chuma. Bati letu la m 6.2 likitoka nyuzi 20 alfajiri hadi 70 mchana, hurefuka mm 7 na zaidi. Kwa hiyo mstari mmoja wa skrubu, wa juu au wa katikati, uwe wa kushika. Mingine yote tobolewa mapema tundu la mm 9 au 10 kwa skrubu ya mm 6.3, na washa pana ifunike. Kaza mpaka mpira uvimbe kidogo pembeni, basi. Mpira ukibonyea kama kisosi umekazwa kupita kiasi, na utapasuka. Skrubu zikae juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni.

13. Fundi anakata na grainda. Kuna ubaya?

Mkubwa. Cheche za moto huunguza rangi, na jiwe lililokwisha kukata nondo hubeba chembe za chuma zinazozama kwenye alumini na kutokeza madoa ya kutu baada ya mvua ya kwanza. Tumia mkasi wa bati au nibula, kisha fagia paa kila jioni. Usimruhusu mtu achomelee geti karibu na mabati yaliyopangwa chini.

## Kuvisha kuta

14. Tabaka za ukuta zikoje kutoka ndani kwenda nje?

Lipu ya ndani, tofali, lipu ya nje iliyokauka kabisa na kupakwa rangi ya kuzuia maji. Kisha vikono vya alumini vilivyofungwa ukutani kwa nanga za chuma cha pua, kila kikono kikiwa na kipande cha plastiki nyuma yake ili alumini isiguse saruji. Juu ya vikono, reli za wima za 6063, kila sentimita 60. Kati ya ukuta na kladingi, uwazi wa mm 25 hadi 40. Mwisho, bati au paneli.

Uwazi huo ndio roho ya kazi yote. Chini uwe wazi ili hewa iingie na maji yatoke, juu uwe wazi ili hewa ya moto iondoke, na pote pawe na wavu wa alumini, maana nyigu na mijusi wanaupenda kuliko wewe. Kladingi iishie sentimita 15 juu ya ardhi, isiguse kibaraza wala udongo. Juu ya kila dirisha weka bamba lililokunjwa la kutoa maji nje. Likisahauliwa, maji yaliyoingia nyuma hutokea ndani juu ya pazia.

15. Paneli za tabaka ni salama kwa moto?

Inategemea kiini. Kiini cha plastiki ya politheni huwaka kama mshumaa, na uwazi wa nyuma unakuwa bomba la moshi. Tarehe 14 Juni 2017 moto wa jengo la Grenfell Tower huko London uliua watu 72, na paneli za aina hiyo ndizo zilizoupandisha ghorofa hadi ghorofa. Nyumba yako si mnara, lakini watoto wako wanalala nyuma ya ukuta huo huo. Dai kiini cha madini cha daraja la A2, na karatasi ya kipimo chake kwa jina la bidhaa hiyo hiyo. Asipokuwa nayo, chukua bati la migongo au paneli ya alumini tupu, ambavyo havina plastiki ya kuwaka. Alumini huyeyuka nyuzi 660 hivi, kwa hiyo jenereta, mitungi ya gesi na jiko la mkaa vikae mbali na ukuta uliovishwa, vyovyote itakavyokuwa.

16. Kwa nini paneli za jirani zinaonekana zina mawimbi?

Bati jembamba likiwa bapa, jua la jioni hufichua kila kasoro ya reli. Aidha reli hazikunyooka, aidha paneli zimebanwa pande zote zikakosa pa kutanukia. Nyosha reli kwa uzi na timazi, acha nafasi ya mm 10 hadi 15 kati ya paneli na paneli. Au chagua bati lenye migongo, ambalo husamehe makosa mengi ya fundi.

17. Rangi gani hudumu karibu na bahari?

Kwa mabati na paneli: PVDF ya asilimia 70, rangi ya kiwandani yenye plastiki inayostahimili jua. Kwa reli na fremu: rangi ya poda iliyookwa, ya mikroni 60 hadi 80, juu ya alumini iliyosafishwa kwa kemikali kwa daraja la pwani. Uliza habari ya kusafisha huko kabla ya kuuliza rangi. Poda nzuri juu ya alumini chafu huinuka kama ngozi ya kitunguu. Anodaizi nayo inafaa ikiwa ya mikroni 25.

## Majirani wabaya

18. Mbao zilizotiwa dawa zinaweza kugusa alumini?

Zisiguse. Dawa ya kijani kwenye mbao nyingi zinazouzwa ina chumvi ya shaba. Papi ikilowa, shaba hutoka na kuanza kula bati kutoka chini, mahali usipopaona. Unapokuja kuona tundu, limekwisha. Acha mbao zikauke vizuri baada ya kutiwa dawa, kisha bandika mkanda wa lami au wa plastiki mnene juu ya kila papi kabla ya bati. Papi za chuma zilizopakwa zinki nazo zitengwe kwa mkanda huo huo.

19. Matone ya saruji yanatoka na nini?

Maji mengi, papo hapo, kabla hayajakauka. Saruji mbichi huila alumini ndani ya saa chache na kuacha doa jeupe la kudumu. Ndiyo sababu lipu yote imalizike kabla madirisha na kladingi havijafungwa, na ikishindikana funika kwa nailoni. Kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa ziko swali la 26.

20. Kiyoyozi kina ubaya gani kwa paa?

Ule mrija mdogo wa maji. Maji ya kiyoyozi hutiririka juu ya mabomba ya shaba, yakadondoka sehemu ile ile ya paa, tone moja kila sekunde kadhaa, miezi sita. Kila tone hubeba shaba kidogo sana. Ukipanda na ufagio utaona duara la kijivu, katikati yake vishimo vyenye unga mweupe. Peleka mrija huo hadi chini kwa bomba la plastiki. Kadhalika bomba la shaba la hita ya maji ya jua, waya wa ethi na kifuniko chochote cha shaba: maji yatoke alumini kwenda shaba ukitaka, kamwe yasitoke shaba kwenda alumini.

21. Silikoni ipi?

Ukifungua mrija ukasikia harufu ya siki, rudisha dukani. Hiyo hutoa asidi inapokauka. Nunua iliyoandikwa kuwa haina asidi, au gundi ya kuziba ya poliuretani. Hata hivyo silikoni ni msaidizi. Kiungo kinachotegemea silikoni peke yake kuzuia maji kimechorwa vibaya.

## Maji, umeme na radi

22. Gata za ukubwa gani, na maji yanafaa kuvunwa?

Paa letu likitazamwa kutoka juu lina m² 156. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya mm 40 ni lita 6,200. Toa asilimia 15 zinazopotea, zinabaki 5,300, tangi la lita 5,000 limejaa kwa mvua moja. Gata ya mm 125 kwa 100 na mabomba mawili ya mm 75 kila upande yatatosha. Gata iwe ya alumini pia, yenye mteremko wa mm 3 kwa kila mita. Gata ya chuma chini ya paa la alumini hugusana nalo na kuanza ugomvi ule ule.

Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagwe, angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani kama lita 80 hapa, kwa sababu yamebeba vumbi, chumvi na kinyesi cha kunguru. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama maji mengine ya tangi.

23. Paa la metali linavuta radi?

Radi hutafuta kilicho juu na kinachosimama peke yake, si aina ya bati. Ila paa la metali likipigwa lazima liwe na njia ya kwenda ardhini, nalo liunganishwe na ethi kwa angalau pembe mbili zilizotazamana. Waya wa shaba usifungwe moja kwa moja kwenye bati: kuna kishikio maalumu chenye upande wa alumini na upande wa shaba. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni.

24. Na sola?

Ndoa njema, kwa kuwa reli za paneli za sola nazo ni alumini. Zifungwe kupenya hadi kwenye papi au kenchi, si kwenye bati peke yake, kwa boliti za chuma cha pua, na nyaya zisilale juu ya bati zikishika takataka.

## Matunzo na hali za pekee

25. Niioshe mara ngapi?

Paa linaoshwa na mvua. Kinachosahaulika ni sehemu ambazo mvua haifiki: chini ya mapaa, ukuta wa barazani, nyuma ya tangi. Hapo chumvi hukaa mwaka mzima, na hapo ndipo vishimo huanza. Karibu na bahari osha kila miezi 3 kwa maji baridi yasiyo ya chumvi (maji ya kisima cha chumvi ni bora usioshe), sabuni laini na kitambaa. Usitumie jiki, asidi ya vigae wala steliwaya. Kabla ya vuli panda ukague skrubu, vale na gata, ukikanyaga juu ya mistari ya papi kwa viatu vya mpira.

Mabati yakisubiri kufungwa, yainamishe upande mmoja juu ya mbao, yasirundikwe bapa yakiwa na maji katikati. Unyevu uliofungwa kati ya mabati mawili huacha madoa meupe ndani ya wiki chache, na hayatoki.

26. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, ya mababu. Naweza kuivisha?

Ukiwa ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, au mji wa kale wa Lamu, mwaka 2001, usinunue chochote kabla ya kuonana na mamlaka ya uhifadhi. Nje ya maeneo hayo bado tunakushauri usivishe. Ukuta wa chokaa hupumua, na chokaa yenyewe haipatani na alumini. Paa peke yake linaweza kuwa la alumini, mradi kila mahali bati linapokutana na ukuta pawe na bamba lililotengwa kwa mkanda wa lami.

27. Naweza kulaza alumini juu ya bati la zamani lenye kutu?

Si moja kwa moja. Kutu ni chuma, na chuma kilicholowa kikiigusa alumini huila. Ukishindwa kung'oa la zamani, funga papi mpya juu yake, zikishikwa na skrubu ndefu zinazofika kwenye kenchi, na uwazi usiopungua mm 50 ubaki katikati. Kagua kenchi kwanza kwa kuchoma kisu kwenye mbao penye madoa ya maji. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, hakuna njia ya mkato: paa lote lishuke.

28. Tundu dogo limetokea. Nabadilisha bati zima?

Tafuta kwanza aliyelitoboa: tone la shaba, skrubu ya chuma, majani yaliyooza. Usipomwondoa, kiraka nacho kitatoboka. Kisha sugua pembeni ya tundu kwa sandpepa laini, pangusa kwa spiriti, paka poliuretani, funika kwa kipande cha alumini ya aloi ile ile kinachozidi tundu sentimita 5 kila upande, na ubane kwa riveti za alumini kila sentimita 3. Ukingo wa juu wa kiraka upite chini ya mlalio wa bati la juu kama upo karibu. Kama haupo, zungushia poliuretani kingo zote isipokuwa ule wa chini, ili maji yakiwahi kuingia yapate pa kutokea.